Stesheni ya Moshi: Mpeleke mtoto akaone mji ulipoanzia

Moshi. Mtoto wa Kitanzania wa leo akiambiwa achore treni, huenda akachora ile ya umeme ya SGR, yenye pua iliyochongoka, inayokwenda Morogoro na Dodoma. Ndiyo anayoiona kwenye televisheni na kwenye simu ya mzazi wake. Tangu safari zake zilipoanza mwaka 2024, familia nyingi zimeshawapandisha watoto ili tu waonje mwendo wake, unaofika kilomita 160 kwa saa.

Ni wachache wanaojua kuwa kaskazini mwa nchi iko njia ya reli kongwe kuliko zote Tanzania Bara. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikapanda taratibu hadi miguuni mwa Mlima Kilimanjaro, ikabeba watu na kahawa kwa miongo mingi, kisha ikanyamaza. Kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna abiria aliyepandia treni Moshi. Desemba 2019 treni ya abiria ikarudi.

Stesheni ya Moshi si mbali na mnara wa saa ulio katikati ya mji. Kwa mgeni anayekuja kupanda mlima, hilo ni jengo la zamani la kupitia tu. Kwa mzazi mwenye watoto wa shule, ni mahali pa kutenga nusu siku. Hapo mtoto ataona mambo matatu ambayo kitabu cha historia humpa kwa maneno tu: mji unavyozaliwa, kitu kizuri kinavyokufa kwa kuachwa, na kinavyoweza kurudishwa.

Mji uliozaliwa na reli

Watu wengi hudhani mji wa Moshi ulikuwepo, ndipo reli ikaletwa. Ukweli ni kinyume chake. Moshi iliyojulikana kabla ya reli ilikuwa juu mlimani, eneo ambalo mpaka leo linaitwa Old Moshi. Huko ndiko alikotawala Mangi Meli, kiongozi wa Wachagga aliyepambana na Wajerumani. Machi 1900 wakamnyonga huko huko, pamoja na viongozi wengine.

Wakati huo reli ilikuwa bado mbali. Kampuni ya Kijerumani iliyoanza kuijenga kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896, kisha fedha zikaiishia. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikachukua kazi hiyo. Reli ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Buiko mwaka 1909. Mwaka 1911 ikafika Moshi, baada ya kusafiri takriban kilomita 350 na kuchukua miaka 18.

Wahandisi walichagua tambarare iliyo chini ya mlima, kwa sababu treni haipendi kupanda kilima. Pale ilipoishia reli ndipo biashara ilipokusanyika: maghala, maduka, ofisi na nyumba za kulala wageni. Shughuli za utawala nazo zikashuka kutoka mlimani. Wajerumani wakapaita Moshi Mpya. Baadaye neno "mpya" likaachwa, na Moshi ya zamani ndiyo ikalazimika kuongezewa neno la kuitofautisha.

Kwa hiyo mtoto anaposimama kwenye jukwaa la kupandia treni, anasimama karibu na kitovu cha mji. Kama reli ingeishia Himo au Machame, huenda soko, stendi na hata barabara anazozijua zingekuwa huko.

Upo upande mwingine ambao mzazi hapaswi kuuruka. Reli hii haikujengwa kwa ajili ya babu zetu. Ilijengwa ili kuhudumia mashamba ya walowezi na kupeleka mkonge, kahawa na mazao mengine bandarini. Waliofyeka pori, kubeba vyuma na kuchimba tuta walikuwa Waafrika, na wengi wao hawakwenda kwa hiari. Majina yao mengi hayakuhifadhiwa. Mtoto wa darasa la tano anaweza kulielewa hilo akiambiwa kwa lugha nyepesi: waliojenga hawakuwa wamiliki, lakini leo njia hii ni mali ya nchi yao.

Kahawa, vita na mpaka uliofungwa

Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa, reli ilikuwa sehemu ya silaha. Waingereza walijenga njia nyingine kutoka Voi, upande wa Kenya, ikapita Taveta na kuungana na reli ya Tanga pale Kahe, kusini-mashariki mwa Moshi. Machi 1916 majeshi yao yaliingia Moshi. Wajerumani walirudi nyuma wakifuata reli, wakiharibu madaraja ili adui asiitumie.

Vita ilipokwisha, kipande hicho cha kijeshi kikawa baraka kwa biashara. Kutoka Moshi mtu aliweza kwenda kwa treni hadi Voi na kuendelea hadi Mombasa. Mwaka 1929 Waingereza wakairefusha reli hadi Arusha, takriban kilomita 86 zaidi. Mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru, ikajengwa njia ya kuunganisha Mnyusi na Ruvu. Ndipo Kaskazini ikaunganishwa na Dar es Salaam kwa reli kwa mara ya kwanza.

Katika miaka hiyo ndipo kahawa ya Kilimanjaro ilipopata nguvu. Wakulima wa Kichagga walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Kahawa iliyochumwa kwenye vihamba ilishuka mlimani, ikakobolewa, ikapakiwa kwenye mabehewa na kwenda pwani. Katika familia nyingi ada ya shule ya kizazi kizima ilitoka kwenye magunia hayo. Mtoto anayesoma leo kwa sababu bibi yake alisomeshwa kwa kahawa, naye ana deni dogo kwa stesheni hii.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Shirika la Reli la Afrika Mashariki likavunjika nalo. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Njia ya Voi, iliyokuwa mlango wa Moshi kwenda Mombasa, ikakosa kazi yake.

Ilivyokufa taratibu

Reli haifi kwa siku moja. Kwanza kichwa cha treni huharibika na kukaa karakana muda mrefu kwa kukosa vipuri. Treni huanza kuchelewa. Abiria aliyecheleweshwa mara tatu hupanda basi mara ya nne. Mfanyabiashara naye huhamishia mzigo wake kwenye lori. Mapato hupungua, matengenezo hupungua, na treni huchelewa zaidi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Barabara ya lami iliboreshwa, mabasi yakaongezeka na kuwa na kasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 treni za abiria za Moshi zikasimama. Nyasi zikaota kati ya mataruma. Njia ikawa ya kupitia mbuzi na watoto wanaotoka shule, na katika maeneo mengi watu wakalima na kujenga hadi ndani ya hifadhi ya reli.

Kizazi kizima kilizaliwa na kukua Moshi, Same na Korogwe bila kusikia honi ya treni ya abiria. Baadhi yao sasa ndio wazazi wa watoto wa chekechea. Jambo hili lina uzito wake, na tutalirudia hapo chini.

Desemba iliyobadilisha hesabu

Shirika la Reli Tanzania (TRC) lilianza kuifufua njia hiyo kwa kusafisha tuta, kubadilisha mataruma yaliyooza na kukarabati madaraja na stesheni. Julai 2019 treni ya mizigo ikafika Moshi. Desemba mwaka huo ikafika ya abiria kutoka Dar es Salaam, na Oktoba 2020 safari zikaendelea hadi Arusha.

Mwezi wa Desemba haukuwa mwezi wowote tu. Kila mwisho wa mwaka maelfu ya familia zenye asili ya Kilimanjaro huondoka Dar es Salaam kwenda nyumbani kwa Krismasi. Ni safari ya kuwaona wazee, kuchinja, kuzika tofauti za mwaka mzima na kuwaonyesha watoto kihamba walikotoka. Ni pia wakati ambao tiketi za basi huwa adimu, walanguzi hujitokeza, na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) hulazimika kutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada.

Mzazi mwenye watoto watatu anaijua hesabu ya Desemba. Akilipia kiti kila mmoja, nauli inamaliza bajeti ya sikukuu. Akiwapakata wawili, safari ya saa tisa au kumi inakuwa adhabu, na mtoto aliyepakatwa hana kinga gari likifunga breki ghafla. Treni ilileta chaguo la tatu: nauli ya daraja la tatu iliyo chini ya basi, na nafasi ya mtoto kusimama, kunyoosha miguu na kwenda chooni bila kumwomba dereva asimamishe gari.

Treni hiyo si ya haraka. Kwa ratiba ya kawaida huondoka Dar es Salaam mchana, hulala njiani na kuingia Moshi asubuhi ya siku inayofuata. Mvua kubwa zikiharibu tuta, safari husitishwa. Kwa hiyo mzazi aulize TRC kwanza kuhusu siku za safari na nauli za wakati huo, kabla ya kuwaahidi watoto. Ahadi ya treni isiyotimia husahaulika polepole sana.

Kinachoonekana njiani

Familia inayotoka Dar es Salaam ina madaraja matatu ya kuchagua: la tatu, la pili la kukaa na la pili la kulala. Kwa watoto wadogo, la kulala ndilo lenye utulivu, lakini nafasi zake ni chache na huisha mapema msimu wa sikukuu. Lipo pia behewa la chakula.

Mchana wa kwanza ni wa pori na vijiji vya Pwani. Giza hulikuta treni kabla ya Korogwe, ambako zamani mashamba ya mkonge yalijaa pande zote. Baada ya Mombo treni hufuata miguu ya Milima ya Usambara, kisha ya Upare. Milima yote hiyo iko upande wa kulia wa anayekwenda Moshi. Anayetaka kuiona asubuhi achague dirisha la upande huo.

Alfajiri hupita Same, Lembeni na Kisangiro, kwenye nchi kavu ya miiba na katani pori. Pale Kahe mashamba hurudi kuwa ya kijani, kwa sababu maji ya mlima yamefika. Anga ikiwa safi, Kibo hujitokeza mbele kwa upande wa kulia, na Mawenzi ikiwa ubavuni mwake. Kilimanjaro hupenda kuonekana asubuhi na jioni, na mchana hujifunika mawingu. Mtoto aliyelala aamshwe mapema. Hatalalamika.

Nini cha kumwonyesha mtoto pale stesheni

Si lazima familia ipande treni ili kutembelea stesheni. Wakazi wa Moshi, Hai, Rombo au Arusha wanaweza kwenda siku ambayo treni inatarajiwa. Jambo la kwanza ni kwenda kwa mkuu wa stesheni, kusalimia na kuomba ruhusa ya kuingia na kupiga picha. Stesheni ni mahali pa kazi, na mtoto anajifunza heshima kwa kumwona mzazi akiomba.

Baada ya hapo, yapo mambo manne ya kufanya.

Kwanza, upana wa reli. Kati ya vyuma viwili vya reli hii kuna mita moja tu, karibu sawa na urefu wa mtoto wa miaka minne. Reli ya SGR ina mita 1.435, karibu sawa na urefu wa mtoto wa miaka 11. Watoto wawili wa familia wakisimama bega kwa bega, wameshaelewa kwa nini treni mpya haiwezi kupita kwenye reli ya zamani.

Pili, mataruma na kokoto. Muulize mtoto kwa nini reli haikulazwa moja kwa moja kwenye udongo. Kokoto hupitisha maji ya mvua na kugawa uzito wa treni. Zikizibwa na matope, tuta hulegea. Hapo ataelewa pia kwa nini mtu anayechota kokoto za reli kwenda kujengea nyumba yake anahatarisha maisha ya mamia ya watu.

Tatu, kazi za watu. Dereva wa treni, gadi, mkata tiketi, fundi wa njia na mpakia mizigo kila mmoja ana zamu yake, na treni haiondoki bila kibali. Ni somo zuri kwa mtoto anayedhani kazi ni daktari, mwalimu na rubani pekee.

Nne, wazee. Moshi wapo babu na bibi waliopanda treni kwenda Mombasa au Tanga enzi za ujana wao. Kama familia ina mzee wa namna hiyo, aje naye. Stesheni huwafungua wazee midomo kuliko sebule.

Kwa familia yenye siku nzima, Old Moshi iko umbali mfupi kwa gari kutoka mjini. Anayeanza na stesheni asubuhi na kupanda huko mchana anawapa watoto pande mbili za habari moja: pale walipotua wageni, na pale walipopingwa.

Afya ya mtoto safarini

Safari ya usiku mzima ni tofauti na ya basi, na maandalizi yake ni tofauti.

Maji ni ya kwanza. Beba maji safi ya kutosha safari nzima pamoja na akiba, kwa sababu treni inaweza kuchelewa. Mtoto mdogo apewe kidogo kidogo mara kwa mara. Anayenyonya aendelee kunyonya bila ratiba.

Chakula kinachouzwa dirishani ni sehemu ya raha ya treni, na hakuna haja ya kumnyima mtoto. Chagua kilicho cha moto kabisa, au tunda unalomenya mwenyewe kama ndizi na chungwa. Epuka tunda lililokwishakatwa, saladi na juisi iliyochanganywa na maji usiyoyajua. Sabuni na chupa ya maji ya kunawa vikae juu ya begi, visifukiwe chini. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, poti dogo litaokoa usiku.

Mbu wapo. Treni hupita usiku nyanda za chini za Pwani na Tanga ambako malaria bado ni tatizo. Korogwe ni mojawapo ya maeneo mawili ya Tanzania yaliyoshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka 2021. Jua likizama, mvalishe mtoto nguo ya mikono mirefu, suruali na soksi, mpake dawa ya kufukuza mbu inayofaa umri wake, na funga dirisha treni inaposimama. Akipata homa siku au wiki chache baada ya safari, apelekwe kupimwa ndani ya saa 24, na mweleze mhudumu kuwa alisafiri.

Baridi ya alfajiri huwashangaza watoto wa Dar es Salaam, hasa Juni hadi Agosti. Sweta na kitenge vinatosha kwa wengi. Mtoto mwenye selimundu anahitaji uangalizi zaidi, kwa kuwa baridi na upungufu wa maji mwilini vinaweza kuamsha maumivu. Apate maji ya kutosha, afunikwe, na dawa zake ziwe mkononi mwa mzazi. Vivyo hivyo kwa mwenye pumu: vumbi na moshi wa dizeli vinaweza kumsumbua, na kifaa chake cha kuvuta dawa kisiwe kwenye mzigo uliopakiwa mbali.

Mama mjamzito naye anufaike na nafasi iliyopo. Kukaa muda mrefu bila kutikisa miguu huongeza hatari ya damu kuganda. Atembee kidogo kwenye behewa kila baada ya saa moja au mbili akishika nguzo, na azungumze na mhudumu wa kliniki yake kabla ya safari.

Watoto wa miaka miwili hadi kumi na miwili ndio wanaosumbuliwa zaidi na kichefuchefu cha safari. Kwenye treni huwa nafuu kuliko kwenye basi la kona nyingi, lakini haiondoki kabisa. Mlo mwepesi, hewa safi na kutazama mbali nje ya dirisha husaidia. Kutazama simu huongeza tatizo.

Reli si uwanja

Hapa ndipo pa kurudi kwenye kile kizazi kilichokua bila treni. Kwa zaidi ya miaka ishirini, njia ya reli kati ya Mnyusi na Arusha ilikuwa njia ya miguu. Wazazi walipita hapo wakiwa watoto na hawakudhurika, kwa sababu mara nyingi hapakuwa na cha kuwadhuru. Mazoea hayo wamewarithisha watoto wao, lakini treni imerudi.

Treni haina uwezo wa kukwepa. Dereva akimwona mtoto na kufunga breki, mabehewa yenye uzito wa mamia ya tani huendelea kwenda mamia ya mita kabla ya kusimama. Na kwa mtoto aliyeziba masikio kwa muziki, au upepo ukivuma upande mwingine, treni inaweza kufika karibu kabla hajaisikia.

Kwa hiyo ziara ya stesheni iwe pia darasa la usalama. Mtoto afundishwe pale pale, akiwa anaona ukubwa wa kichwa cha treni, kwamba:

Asisimame ukingoni mwa jukwaa, na asimkaribie treni mpaka isimame kabisa.

Asitembee juu ya reli wala kukaa juu ya vyuma, hata kama wenzake wanafanya hivyo.

Avuke mahali palipowekwa kivuko, asimame, atazame pande zote mbili, asikilize, ndipo avuke moja kwa moja bila kukimbia.

Asipite chini ya behewa lililosimama. Treni inaweza kuondoka bila yeye kujua.

Akiwa ndani, asitoe kichwa wala mkono dirishani, asisimame mlangoni, na asivuke kutoka behewa moja hadi jingine bila mtu mzima.

Asirushe jiwe kwenye treni. Jiwe dogo likigonga kioo cha treni inayotembea linaweza kumtoa abiria jicho.

Kwa wanaoishi kandokando ya reli, mafunzo haya yasingoje likizo. Walimu wa shule zilizo karibu na njia nao wanaweza kuomba stesheni iwapokee wanafunzi kwa zamu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya jeneza moja.

Itabaki hai kwa kutumiwa

Moshi inatoa somo ambalo si la historia tu. Stesheni hii haikufa kwa bomu wala tetemeko. Ilikufa kwa sababu kila aliyekuwa na sababu ndogo ya kuiacha aliiacha, na waliopaswa kuitunza hawakuitunza. Ikaweza kufufuka kwa sababu tuta lilikuwepo, jengo lilikuwepo, na walikuwepo mafundi waliojua kazi.

Lakini kufufuka mara moja si dhamana. Kinachoilinda stesheni ni tiketi zinazonunuliwa, mizigo inayopakiwa, tuta linalotengenezwa kabla ya masika, na majirani wasioiba chuma wala kokoto zake. Yote hayo yanafanywa na watu wazima, na watu wazima wa mwaka 2045 leo wako shule ya msingi.

Mtoto aliyewahi kulala kwenye treni hiyo, akaamshwa Kahe aone theluji ya Kibo, na kushuka Moshi akiwa na vumbi kwenye nywele, hatahitaji kuambiwa kwa nini reli itunzwe. Wazazi wanaopanga safari ya Desemba wana muda wa kutosha: waulize ratiba mapema, wakate tiketi za watoto wakitaja umri wao, na wamwarifu babu aje kuwapokea stesheni badala ya stendi.